Masafa ya Baba Hezi

Bibi harusi alikuwa chini ya meza, bisibisi kaibana kwa meno, na kilichoonekana kwa nje ni miguu tu. Gauni lilikuwa bado limetundikwa. Yeye alikuwa ndani ya suruali ya kazi, na kichwani alijifunga kitambaa ili nyaya zisije zikamvuruga nywele alizosukwa asubuhi. Mama yake aliizunguka meza na kiatu cheupe mkononi, akimkumbusha kwamba mpambaji anasubiri, kwamba hajapata kusikia bibi harusi anayefunga spika za harusi yake mwenyewe, na kwamba mkwe akiingia sasa hivi atadhani anaoa fundi. Sauti ikajibu kutoka chini ya meza kwamba mkwe anajua fika kuwa anaoa fundi. Walipokutana yeye alikuwa juu ya ngazi, na aliyeishikilia ngazi ni mkwe huyohuyo.

Nyumbani jina lake lilikuwa Giga, na alijitafutia mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza chuoni, alikosomea diploma ya elektroniki, alirudi likizo somo la mawimbi likiwa bado la moto, akalimwaga mezani wakati wa chakula. Hezi, aliwaambia, ni kipimo cha mara ngapi jambo linajirudia ndani ya sekunde moja. Pigo moja kwa sekunde ni hezi moja, na moyo wa mtu aliyetulia haupiti sana hapo. Mapigo elfu ni kilohezi, milioni ni megahezi, bilioni ni gigahezi, na ile kompyuta ya ofisini ambayo kila mtu huilalamikia kwamba ni nzito hupiga mapigo bilioni mbili na ushei ndani ya sekunde hiyohiyo moja.

Kisha akagawa vyeo. Baba akapewa Hezi, kwa sababu kati ya neno lake na linalofuata unaweza kumimina chai na kuikoroga. Mama akapewa Kilo, akanuna siku nzima akidhani anasemwa unene, ikabidi avuliwe cheo. Giga alijipa mwenyewe, na hakuna aliyebisha. Msichana yule alisema kana kwamba maneno yamepanga foleni nyuma ya meno na yaliyo nyuma yanasukuma.

Baba Hezi alikuwa mwandika mabango. Herufi kubwa nyekundu na bluu zilizokaa juu ya maduka ya mtaani kwao, nyingi zilitoka mkononi mwake, na kusema kwake kulifanana na kazi yake: neno liliwekwa, likaachwa likauke, ndipo likaja jingine. Tatizo ni kwamba watu hawana subira ya rangi kukauka. Dukani walimmalizia sentensi. Kwenye vikao vya ukoo walimmalizia sentensi, mara nyingi kwa maneno ambayo hakuyakusudia, naye akaona taabu kuwasahihisha. Kwenye harusi ya kaka yake Giga, Baba alisimama, akasema “Wageni wetu,” akanyamaza kutafuta linalofuata, na ukumbi mzima ukadhani ndiyo basi. Wakapiga makofi. Muziki ukawashwa. Akakaa, akainama kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Giga alikiona kile kiatu, na hakikumtoka machoni. Kwa hiyo ilipofika zamu yake hakudai maua wala gari la kukodi. Alidai jambo moja: Baba azungumze mpaka nukta ya mwisho, na mtu asimkatize. Mama, kwa kumwonea huruma mumewe, alipendekeza Mjomba aseme kwa niaba. Mjomba ni kaka yake Mama, ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa siku hiyo, na ana maneno ya akiba kwa kila shughuli, hata ikiwa ni uzinduzi wa choo. Giga alikataa katakata. Baba mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana, ila tangu siku ile alionekana akinong'ona juu ya ngazi yake huku anapaka. Ndiyo maana duka moja karibu na kituo cha basi liliamka na bango jipya lililosomeka DUKA LA BINTI NA MISUMARI. Mwenye duka alikuwa muuza bati. Alimwita aje alifute, akaelezwa sababu, akasema basi liacheni mpaka harusi ipite.

Maiki isiyo na waya Giga aliichagua kwa ajili ya Baba tu, ili asipate cha kujikwaa. Alitoka chini ya meza, akaiwasha, akasema moja mbili, moja mbili. Spika zikatii. Akaizima. Spika zikasema, kwa sauti nzito ya mwanamume:

“Wauguzi wote wakae mbele.”

Mama akageuka nyuma. Mjomba akaisogelea spika, akaigonga ubavuni kama mtu anayemwamsha mlevi.

Giga alicheka, maana alishaelewa. Jengo lile lilikuwa na kumbi mbili, moja juu ya nyingine. Alishuka ngazi mbio, akakuta watu wanapuliza maputo. Walikuwa na sherehe ya kumuaga mkunga aliyestaafu. Fundi wao wa sauti, mtu mpole mwenye maiki ya zamani, alilinganisha naye vifaa, na wakakuta vyote viwili vimekaa palepale, megahezi mia sita hamsini. Maiki isiyo na waya ni kituo kidogo cha redio. Hizo zao zilirusha mawimbi yanayojirudia mara milioni mia sita hamsini kwa sekunde, na risiva, yaani kile kisanduku cha mezani kinachoyapokea, hutega sikio kwa mwendo huohuo tu, bila kuuliza anayesema ni mtoto wa nani. Maiki zote mbili zikiwashwa, kila risiva humfuata aliye karibu yake. Mmoja akizima, wa ukumbi wa pili anaingia kama amealikwa. Maiki ya chini haikuwa na namna ya kubadilishwa, hivyo wakakubaliana wa juu ndio wahame. Kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja kwenye risiva na kingine kwenye maiki.

Hakukifikia hicho kitufe. Aliporudi juu, subira ya Mama ilikuwa imekwisha na mahali pake pamesimama shangazi wawili wenye mikono ya nguvu. Giga alishikwa huku na huku, akaburutwa kwenye korido, na hukohuko anakoburutwa akageuza shingo na kummwagia Mjomba maelekezo kwa kasi yake yote.

“Mjomba, badilisha masafa, yetu yamegongana na ya chini, yasogeze mbali, mbali kabisa, halafu ujaribu.”

Hapa lazima neno litetewe. Masafa ni neno zuri, na Kiswahili kimelipa kazi mbili: ni umbali kati ya hapa na kule, na ni kasi ya kujirudia kwa mawimbi ya redio. Wenzake chuoni walisema frikwensi. Giga alisema masafa, akabishana na mwalimu, akaliandika kwenye mtihani na kulipigia mstari. Hakuona kwa nini aende kwa jirani kuazima sufuria wakati ya kwake imening'inia jikoni, inang'aa. Alichosahau ni kwamba kabla hajawa mshereheshaji, Mjomba aliendesha malori ya masafa marefu, na kwake yeye masafa ni kitu kinachopimwa kwa matairi.

Mjomba akaitazama meza ya vyombo. Ilikuwa imekaa pembeni mwa ngazi za kuteremkia ukumbi wa chini. Kweli, karibu mno. Akavua koti, akawaita wadogo zake bwana harusi, wakaibeba meza na risiva na spika na kila waya mpaka kona ya mbali kabisa, kando ya dirisha, mashati yakiwagandia migongoni. Kijana mmoja aliuliza kama mita chache zitasaidia kitu. Mjomba akamwambia maelekezo yametoka kwa mtaalamu mwenye diploma, yeye ni nani wa kuhoji. Akaiwasha maiki, akajaribu. Wakati huo chini walikuwa wanakula na mitambo yao yote imezimwa, kwa hiyo hakuna aliyejibu. Akamtumia Giga ujumbe kwamba masafa tayari, yako mbali sana. Giga, macho kayafumba chini ya brashi ya mpambaji, alisomewa ujumbe ule na shangazi mmoja, akashusha pumzi.

Harusi ikaenda vizuri kuliko mipango yake. Bwana harusi, fundi bomba asiye na maneno mengi, alimwona mkewe anaingia na gauni jeupe akasahau kufunga mdomo, mpaka mama yake mzazi akamgusa kidevu. Watu walicheza. Keki ilikatwa. Mtoto wa jirani alilala juu ya mkoba wa mgeni rasmi. Mjomba alitumia akiba yake ya maneno mpaka ikakaribia kwisha, ndipo akatangaza kwamba sasa ni zamu ya baba wa bibi harusi, na alipompa maiki alimnong'oneza jambo moja la ziada: betri imebaki kidogo, mpya zimesahaulika nyumbani, kwa hiyo shemeji, kama husemi, zima.

Ushauri wa namna hiyo humpi mtu kama Baba Hezi ukitarajia autumie kwa kiasi.

Alisimama. Alikuwa amevaa koti la kijivu, na chini ya kucha moja kulikuwa na rangi nyekundu iliyogoma kutoka. Akabonyeza swichi.

“Mwanangu,” alisema.

Akabonyeza swichi tena, akazima, akaanza kutafuta linalofuata.

Kwenye meza ya nyuma mwanamume mmoja aliinua viganja ili apige makofi. Giga alimtupia jicho lililomrudishia viganja mapajani. Mama alikuwa ameushika mkono wa kiti chake kama mtu aliye kwenye gari linaloteremka mlima. Hatimaye swichi ikalia.

“Siku uliyozaliwa, mvua ilikuwa kubwa.”

Akazima. Watu wakakohoa. Akawasha.

“Mkunga aliniita ndani. Akanipa kile kidude chake cha mbao, kama tarumbeta ndogo. Akaniwekea sikioni, upande wa pili ukawa tumboni kwa mama yako. Akaniambia, sikiliza.”

Akazima. Safari hii hakuna aliyekohoa. Akawasha.

“Nikausikia moyo wako. Nikasimama pale imara kama nguzo.”

Akazima, akatazama dari, akitafuta. Na katika kimya hicho, spika zote za ukumbi zikasema kwa sauti ya mwanamke:

“Hukusimama.”

Baba Hezi akaitazama maiki. Swichi ilikuwa imezimwa kabisa. Akaigeuza juu chini.

“Hukusimama, baba,” ilisema spika. “Ulianguka. Ukaangukia beseni langu.”

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, kisha ukajishika, maana hakuna aliyejua anacheka na nani. Bibi mmoja wa meza ya mbele alianza kusali. Mgeni rasmi alichungulia chini ya meza.

Chini, kama ilivyojulikana baadaye, mkunga alikuwa ameishika maiki yake tayari kuwashukuru waliomuaga, hajaiwasha bado, mitambo ndiyo kwanza imewashwa tena tangu chakula, aliposikia spika zao zikitamka “Mwanangu” kwa sauti ya mwanamume. Fundi mpole alikimbilia kuzima mitambo. Mkunga akamzuia kwa mkono uleule aliozoea kuwazuia waume mlangoni. Akasikiliza mvua, akasikiliza tarumbeta ya mbao, na simulizi ilipofika kwenye nguzo akashindwa kuvumilia uongo.

Juu, Giga alishainuka, gauni kalikusanya mkononi. Alipomfikia Mjomba alimuuliza kwa kunong'ona kama masafa yalibadilishwa. Mjomba akajibu kwamba yalibadilishwa na wenye macho wanaona: si meza ilikuwa kule, sasa iko hapa? Giga akatazama kule, akatazama hapa, akatazama ile meza kando ya dirisha na mapazia yanaigusa. Akaeleza kwa maneno yaliyofuatana bila nafasi kwamba masafa ya mawimbi, Mjomba, ya mawimbi. Mjomba akachukua muda kuelewa, kisha akakasirika kwa haki kabisa.

“Ungesema frikwensi ningekuelewa.”

“Sisemi.”

“Basi mimi nimebeba meza.”

Giga akaifikia risiva. Kidole kikawa juu ya kitufe. Angekibonyeza, kisha aihamishe na maiki ya Baba, na yule mwanamke asingesikika tena kule juu. Hasira zilikuwa zimempanda kweli. Baba yake alikuwa amekatizwa na ndugu, na majirani, na wateja, na leo, siku aliyoilinda kuliko gauni lake, anakatizwa hata na mtu asiyeonekana, kupitia sakafuni. Akageuka kumtazama, akitegemea kumkuta ameshaanza kutafuta kiti.

Baba Hezi hakuwa anatafuta kiti. Alikuwa anacheka, kicheko cha polepole kilichoanzia mabegani na kilikuwa bado hakijafika usoni. Akaiinua maiki, akaiwasha.

“Mama mkunga?”

Akazima, akasubiri. Chini mkunga naye alikuwa ameelewa kwamba mmoja akisema mwingine azime. Swichi yake ililia ndani ya spika.

“Ndiye mimi. Uko wapi?”

“Juu.”

“Juu mbinguni au juu ghorofani? Maana mimi nimestaafu, baba, sijafa.”

Mama alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka. Baba akasubiri kicheko kitulie, na kutulia kulichukua muda, akawasha.

“Ghorofani. Ni harusi. Ya yule mtoto.”

Zikasikika kelele za viti vya chini vikivutwa, mara mbili, kupitia spika na kupitia sakafu. Kisha mkunga akauliza kama ni yule aliyeanza kupiga kelele kabla mabega hayajatoka. Macho yote ya ukumbi yakamgeukia bibi harusi, aliyesimama kando ya dirisha, kidole juu ya kitufe. Mkunga akaendelea kwamba watoto aliowapokea ni wengi na sura zimechanganyika, lakini mwanamume aliyetumia mvua nzima kumwambia asante ni mmoja tu, na sauti hiyo angeijua hata ndotoni.

“Mama mkunga,” alisema Baba Hezi. Akazima, akafikiri, akawasha. “Nilikuwa sijamaliza.”

“Maliza. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kusubiri. Mwenye haraka atoke nje.”

Na swichi yake ikazimwa, tak.

Giga akakiondoa kidole. Akaiacha risiva palepale ilipo, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kikawa ni cha Mjomba, na koti lake lilikuwa juu yake.

“Nilianguka,” Baba Hezi alikiri mbele ya kumbi mbili. Akazima, akawasha. “Lakini niliusikia kwanza. Moyo wangu mimi unakwenda taratibu, kama ninavyosema. Wa kwako ulikuwa mara mbili yake, na zaidi. Nikamuuliza mkunga, mbona unakimbia hivi? Kuna ubaya?”

Akazima. Kimya hiki kilikuwa kirefu kuliko vyote vilivyotangulia. Kila mtu juu alijua kwamba chini yuko mtu mwenye jibu, na ana maiki, na ana haki ya kulisema kuliko yeyote. Watu wakazitazama spika. Spika hazikusema kitu. Mkunga alimwachia.

“Akaniambia,” alisema Baba Hezi, “huo mwendo ndio uzima wake. Usitake apunguze. Wewe jifunze kumsikia.”

Mama hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameuachia mkono wa kiti.

“Nimejifunza,” aliendelea Baba, na swichi ililia na kulia, neno likawekwa, likaachwa likauke, likaja jingine. Watu humwambia binti yake apunguze kasi, haeleweki. Yeye hajawahi kumwambia hivyo hata siku moja. Anamsikiliza leo, anamwelewa kesho kutwa. Lakini anamwelewa. Hapo walicheka juu na wakacheka chini, na sakafu ikatikisika kidogo.

“Mkwe,” alisema Baba Hezi.

Bwana harusi akakaa wima. Baba akazima. Bwana harusi akasubiri, akalegeza tai, akafuta paji la uso, akaanza kupitia moyoni makosa yake yote tangu utotoni.

“Usimwambie apunguze.”

Bwana harusi akatikisa kichwa kwamba hatathubutu.

“Na wewe, mwanangu.”

Akazima. Ile rangi nyekundu ya ukucha ilikuwa inasugua swichi, mbele na nyuma. Mwanamume wa meza ya nyuma, yule wa viganja, alikuwa ameegemea mbele na mdomo wazi. Hakuna aliyemmalizia. Hata Mjomba, mwenye akiba ya maneno, alikuwa amebana midomo kwa vidole viwili. Baba akawasha.

“Una kasi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ungeweza kunimalizia sentensi zangu zote, na ungezimalizia sawasawa. Tangu mdogo hukuwahi. Ulikaa, ukatikisa mguu, ukanisubiri.”

Akazima, akawasha.

“Nimemaliza.”

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wameshajifunza, wakaogopa kuharibu, wakabaki viganja vikiwa hewani. Ikabidi spika ndizo ziulize kwamba jamani, amemaliza kweli, au anavuta pumzi?

Giga akavuka ukumbi, gauni likiburuta nyuma yake nyaya mbili ambazo hakuziona. Akaichukua maiki mkononi mwa baba yake, ikiwa na joto, akaiwasha. Na yeye ambaye maneno yake husukumana, akayatoa moja moja, kwa mwendo wa hezi moja, ili yamfikie kila mtu.

“Amemaliza, mama. Mpaka nukta.”

Makofi yakalipuka, vigelegele juu yake, na ya chini yakapanda kupitia saruji yakakutana na ya juu, ikawa huwezi kujua yapi ni ya nani. Baba Hezi alibaki amesimama. Hakukaa haraka, wala hakuinamia kiatu. Alisimama ndani ya kelele zile kama mtu anayetazama bango lake kutoka upande wa pili wa barabara na kuridhika na kila herufi.

Mkunga hakusubiri kualikwa. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua kadhaa, na nyuma yake wauguzi wote, na maputo, na fundi mpole aliyesahau kuiacha maiki. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwendo wa mtu asiyeombwa kitambulisho popote. Alimtazama Giga juu mpaka chini, akamgeuza, akasema mabega ndiyo haya yaliyochelewa. Kisha, badala ya kumkumbatia, akamshika kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili, akaitazama saa yake.

“Bado mbio,” alisema.

Akamgeukia Baba Hezi, akamshika naye mkono, akaitazama saa. Wote wakasubiri. Wakaendelea kusubiri. Mkunga akainua macho na kuwatangazia kwamba huyu naye bado yuko palepale alipomwacha, na ukumbi ukacheka mpaka yule mtoto wa jirani akaamka juu ya mkoba wa mgeni rasmi na kuanza kulia.

Sherehe mbili zikawa moja, maana keki ya chini ilikuwa kubwa na muziki wa juu ulikuwa mzuri. Mama na mkunga walikaa pamoja wakakumbushana mambo yaliyowafanya waume waliokuwa karibu waone heri wahame meza. Mwenye duka la bati, aliyekuwa miongoni mwa wageni, alitamka mbele ya mashahidi kwamba lile bango sasa halifutwi. Mjomba alisimulia mara kadhaa, kila mara kwa nguvu zaidi, kwamba bila yeye kubeba meza yote haya yasingetokea, na hakuna aliyeweza kumbishia, kwa sababu kwa njia fulani ilikuwa kweli.

Baadaye, fundi mpole alipotaka kurudi chini na kuwasha muziki wake, Mjomba alimkumbuka mpwa wake. Akaja kando ya dirisha, akashika meza kwa mikono miwili tayari kwa kazi, akauliza kwa heshima ambayo hakuwa nayo asubuhi.

“Giga, masafa niyarudishe kule?”

Giga alikuwa anacheza, baba yake kamshika mkono, wawili hao wakikosa mdundo kila mmoja kwa upande wake.

“Yaache hapohapo,” alisema.